Ugonjwa wa Mawe

Majirani wanadhani nimeanza kulewa,
kwa sababu kila Jumatatu, chai ikishapoa,
nafungua kibanda nyuma ya nyumba
na chupa sitini na tatu za jamu zinang'aa dirishani.
Si pombe. Ni mafuta ya silikoni,
na ndani yake, kimya kama wodi usiku,
zimelala mbegu za miti ya jamii ya mnazi
iliyopukutisha matunda yake hapa Sheppey
kisiwa kilipokuwa bahari vuguvugu
na Kent haijapata wa kuiita Kent.

Zilikuwa za Hester, si zangu.
Mimi nilikata tiketi za treni ya Sheerness,
nikajua ratiba, na mvua, basi.
Yeye maji yakipwa alishuka Warden Point
na ndoo, na magoti yaliyofungwa mpira,
akatambaa juu ya tope jeusi lililomomonyoka gengeni.
Gengeni hakuchokoa hata mara moja.
"Kilichodondoka kimetuaga. Kilichobaki
bado kina mazungumzo yake."

Nyumbani, karo la jikoni halikuwa letu tena.
Siku saba za maji ya bomba, asubuhi na jioni,
mpaka chumvi ikubali kutoka.
Mswaki wangu wa zamani. Sindano ya kushonea.
Kisha tanuri, moto mdogo kuliko mdogo:
Krismasi moja nusura nimkaange kambamiti
wa miaka milioni hamsini pamoja na viazi.
Hakusema nami mpaka siku ya tatu.

Maana vya huku havikugeuka jiwe tupu.
Viligeuka chuma na salfa,
na chuma, hata baada ya umri wote huo,
kikivuta hewa yenye unyevu
hukumbuka kuoza.
Kwanza unga mweupe, kama ukungu wa mkate.
Kisha harufu, kana kwamba mtu
amewasha kiberiti chumba cha pili.
Kisha tindikali: hula pamba, hula kisanduku,
hula lebo.

Lebo ndiyo iliyomkosesha usingizi.
"Jiwe lisilo na lebo, Lionel,
ni takataka nzuri."

Alipofariki, alikuja kijana wa makumbusho,
mpole, mwenye glavu. Alichukua kumi na moja.
Zilizobaki, alisema, ziwekwe pakavu,
penye baridi, mafuta yasipungue.
Aliacha nusu kikombe cha chai
na mimi na chupa sitini na tatu.

Nikajifunza. Uzeeni, kama anayejifunza kunyoa mtu mwingine.
Nafungua, nanusa, naongeza mafuta,
naangalia kifuniko kama kimeshika kutu.
Naandika kwa penseli, wino hukimbia.

Jumatatu iliyopita, chini ya rafu,
nyuma ya kopo la rangi, nikakuta mkebe wa tumbaku.
Hakuna mvutaji nyumbani humu.
Ndani yake unga wa kijivu, ujazo wa kijiko,
na kando, ndani ya kibomba cha kioo
ili tindikali isiifikie,
lebo, kwa mwandiko wake wa kubana:

Kaa. Warden Point. Jumapili, 3 Machi 1974.
Ameokotwa na Lionel.
Ameoza 1991. Unga usitupwe.

Mimi? Sikumbuki kaa yeyote.
Nakumbuka baridi, na kiatu changu
kilichomezwa na tope, na yeye akicheka
mpaka akakaa chini palepale penye maji.
Huenda nilipiga teke kitu, nikakiinua, nikampa
kama unavyompa mtu peremende
mkizungumza mambo mengine.

Unga hauhitaji mafuta. Hakuna kilichobaki cha kuoza.
Hata hivyo nilinunua chupa ndogo kwa mfamasia,
nikaumimina polepole bila kupumua,
nikaziba kwa nta.
Kwenye daftari lake nikapiga mstari mpya:
sitini na nne.
Mahali. Tarehe. Aliyeokota.
Nikafika safu ya mwisho, penseli ikasimama
muda mrefu kuliko treni ya Jumapili.

Hali: kavu.